Kusahau baada ya kiharusi: hatua za kumsaidia mgonjwa nyumbani

Kabla ya zoezi lolote, acha maswali ya mtihani. Kila ndugu anayeingia chumbani huwa na lake: "Unanijua mimi nani?" "Jana alikuja nani?" "Asubuhi ulikunywa nini?" Hakuna anayeuliza kwa ubaya. Watu wanataka kuhakikisha kwamba mtu wao bado yumo. Ila mgonjwa asiyekumbuka atabahatisha, akikosea ataona nyuso zimebadilika, na kesho yake ataona heri anyamaze. Mgeni ajitaje mwenyewe: "Shikamoo mama, ni mimi Asha, binti wa dada yako. Nimekuja kukujulia hali." Hapo mgonjwa ameshapata jina na uhusiano, na mazungumzo yanaendelea bila mtu kuaibika.

Nianze na msimamo wangu, maana hatua zote zinautegemea. Kumbukumbu iliyojeruhiwa na kiharusi haikazwi kama msuli. Ukimkaririsha mtu orodha ya maneno kila siku, atakuwa hodari wa orodha hiyo na basi. Mwaka 2016 mtandao wa Cochrane, unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulitoa mapitio ya majaribio 13 yenye washiriki 514 waliopata kiharusi. Waliopewa tiba ya kumbukumbu walisema, muda mfupi baada ya tiba, kwamba shida zao za kusahau zimepungua. Baadaye nafuu hiyo haikuonekana tena, na vipimo vya kumbukumbu havikuonyesha tofauti ya maana. Sisemi hivyo kumvunja mtu moyo. Nasema ili nguvu zako, ambazo hazitoshi kwa kila kitu, uzipeleke panapolipa: kupanga vitu vya nje vikumbuke kwa niaba yake, na kumfundisha mambo machache kwa njia ambayo ubongo ulioumia unaiweza.

Hatua ya 1: Jua kinachopotea ni nini

"Anasahau" ni neno pana mno. Chukua karatasi, na kwa muda wa wiki moja andika kila tukio: amesahau nini, ilikuwa saa ngapi, na wakati huo kulikuwa na nini pembeni. Baada ya siku chache mambo huanza kujipanga yenyewe.

Akisahau zaidi jioni, huo mara nyingi ni uchovu; baada ya kiharusi ubongo huchoka upesi hata kama mwili haujafanya kazi. Akisahau uliyomwambia televisheni ikiwa inaongea, basi hakusahau: maneno hayakuingia tangu mwanzo. Hilo ni tatizo la umakini, na dawa yake ni kuzima televisheni, kumtazama usoni na kusema jambo moja kwa wakati. Akishindwa kutaja kikombe lakini akakichukua na kunywea bila shida, kumbukumbu yake ya kikombe ipo. Kilichoguswa ni lugha, hali iitwayo afasia, na anahitaji mtaalamu wa tiba ya usemi. Akiacha chakula cha upande wa kushoto wa sahani, au asione daftari lililowekwa kushotoni kwake, ubongo wake unaupuuza upande huo. Ukimwekea vikumbusho huko umejichosha bure.

Ukishaondoa hayo, kinabaki kusahau kwenyewe, nako kuna sura zake. Mambo ya zamani kwa kawaida hubaki. Ya leo asubuhi ndiyo hayashiki. Kiharusi kikigusa hipokampasi au thalamasi, sehemu zilizo ndani kabisa ya ubongo, kuingiza jambo jipya kunakuwa kazi ngumu hata kama mkono na mguu vimepona. Jeraha la upande wa kushoto huelekea kuharibu zaidi kumbukumbu ya maneno, la kulia kumbukumbu ya njia, sura na mahali vitu vilipo. Kazi za mikono zilizozoeleka miaka mingi, kama kufunga kamba za viatu au kusuka, mara nyingi husalimika, kwa sababu zinahifadhiwa kwingine.

Kinachowasumbua walezi kuliko vyote ni kusahau jambo la mbele: kumeza dawa saa mbili, kuzima jiko, kumpigia mtu simu jioni. Bahati nzuri, hilo ndilo linalosaidika kwa urahisi zaidi.

Usishangae pia akisimulia kwa uhakika jambo ambalo halikutokea. Hasemi uongo. Ubongo unaziba pengo kwa kipande cha kumbukumbu nyingine, na yeye mwenyewe anakiamini. Kubishana naye hakusaidii. Mpe habari sahihi kwa upole mara moja, kisha mhamie kwenye jambo lingine.

Hatua ya 2: Ondoa yanayoongeza kusahau

Karibu theluthi moja ya watu waliopata kiharusi huingia kwenye sonona, na sonona hula kumbukumbu. Mtu asiyetaka kula, anayelia ovyo au aliyepoteza hamu na kila kitu apelekwe kwa daktari kwa ajili ya hilo, maana lina matibabu. Mweleze daktari pia kama anakoroma na pumzi kukatika usingizini. Beba dawa zote anazotumia, hata za kununua bila cheti: za usingizi, baadhi za mzio na baadhi za kuzuia mkojo hufifisha akili. Ulizia kipimo cha tezi ya shingo na cha vitamini B12. Na kabla ya yote hayo, angalia kama miwani yake ni safi na kama anasikia vizuri. Kuna watu wameitwa wasahaulifu kumbe wamejaa nta masikioni.

Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni habari nyingine. Mtu aliyekuwa na hali nzuri jana, leo hajui yuko wapi, huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo au ya mapafu, au kiharusi kingine. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo. Usingoje alale uone ataamkaje.

Hospitali huenda wakampa jaribio la MoCA, kipimo kifupi cha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, lililochapishwa mwaka 2005 na Dkt. Ziad Nasreddine na wenzake, lenye alama 30, ambalo mgonjwa huombwa akumbuke maneno matano baada ya dakika chache. Ni zuri kwa kuanzia. Ila mwenye afasia au mkono wa kuandikia uliopooza hupoteza alama kwa sababu zisizohusu kumbukumbu, kwa hiyo usiichukue namba peke yake. Ile karatasi yako ya wiki moja mpe daktari pamoja nayo.

Hatua ya 3: Panga nyumba

Kila kitu anachotumia kiwe na mahali pamoja, na watu wote nyumbani warudishe hapo hapo. Saa kubwa yenye jina la siku na tarehe iwe upande anaouona. Bandika maandishi makubwa kwenye milango na droo, machache tu. Ukuta uliojaa karatasi hausomwi. Jikoni asipike peke yake mpaka mtaalamu wa tiba kazi (anayefundisha shughuli za kila siku), au wewe mwenyewe, umemtazama akipika mara kadhaa mwanzo hadi mwisho bila kuingilia.

Hatua ya 4: Daftari moja

Hapa ndipo ninapopenda watu wakae muda mrefu. Daftari la kumbukumbu linaonekana jambo dogo, na kwa sababu hiyo wengi hulinunua, hulikabidhi, kisha husema halikusaidia. Daftari halimsaidii mtu asiyekumbuka kwamba analo. Watafiti Sohlberg na Mateer, waliolifanya kuwa tiba rasmi mwaka 1989, waligawa mafunzo yake katika vipindi vitatu: kwanza mgonjwa ajue daftari lina nini na kila sehemu ni ya kazi gani, pili ajue wakati wa kuandika na wa kusoma, tatu alitumie katika shughuli halisi nje ya mazoezi. Nyumbani watu huruka viwili vya kwanza.

Liwe moja tu. Vikaratasi vya mifukoni, nyuma ya bahasha na kiganjani vipigwe marufuku. Ukubwa uwe wa kuingia mfukoni au kwenye mkoba anaobeba kila siku, na liwe na kamba yenye kalamu, kwa sababu kalamu ndiyo hupotea kwanza. Sehemu nne zinatosha: mimi ni nani na nini kilinipata, watu wangu, kwa picha na majina, leo, na mambo ya mbele.

Ukurasa wa leo uwe hivi. Juu kabisa siku na tarehe. Chini yake mistari, kila mmoja una saa, tendo, na kisanduku cha alama ya vema: "2:00 asubuhi, dawa ya presha, kidonge kimoja cheupe." "4:30, mazoezi ya mkono na Juma." "10:00 jioni, piga simu kwa dada." Alama inawekwa papo hapo, kidonge kikiwa bado kinashuka kooni. Chini ya ukurasa acha nafasi ya kuandika kilichotokea: nani alikuja, mlizungumza nini, nini kilimfurahisha. Sehemu hiyo ndiyo inayompa kitu cha kusema mtu akimuuliza habari za jana.

Kama anaweza kuandika, aandike mwenyewe, hata kwa mkono usiozoea na hata ikichukua dakika tano kwa mstari mmoja. Asiyeweza kusoma wala kuandika atumie picha na alama: kidonge kilichochorwa, jua linalochomoza, picha ya dada.

Kulifungua kuunganishwe na jambo ambalo tayari anafanya bila kufikiri. Akimaliza kifungua kinywa, anafungua daftari. Akimaliza chakula cha mchana, anafungua. Kabla ya kulala, anafungua. Wiki za mwanzo wewe ndiye unamwonyesha kwa kidole. Akiuliza mara ya tatu kama leo kuna mgeni, usimjibu kwa hasira wala usimjibu moja kwa moja: "Baba, tuangalie kwenye daftari." Mfungulie ukurasa, asome mwenyewe. Baadaye nyoosha kidole tu kuelekea lilipo. Baadaye tena, ngoja kidogo kabla ya kunyoosha kidole.

Na daftari ni lake. Usilisome mbele ya wageni kuonyesha alivyoendelea.

Hatua ya 5: Simu inayosema inachotaka

Kengele inayolia bila maneno inamwacha mgonjwa akijua tu kwamba kuna kitu, hajui nini. Kwenye simu karibu zote unaweza kuipa kengele jina, andika tendo lenyewe, kwa maneno atakayoelewa hata akiwa na usingizi: "Kunywa dawa ya saa mbili. Iko kwenye kisanduku cha bluu mezani." Wengine hurekodi sauti ya mtoto au mjukuu ikisema hivyo.

Mwaka 2001 Barbara Wilson na wenzake nchini Uingereza walichapisha jaribio la watu 143 wenye shida za kumbukumbu na mipango, waliopewa kifaa kidogo cha kiunoni kilichopokea ujumbe wa kuwakumbusha shughuli zao. Zaidi ya asilimia 80 ya waliomaliza walitimiza shughuli zao zaidi kuliko walivyokuwa wakifanya kabla. Baadhi waliendelea vizuri hata kifaa kilipochukuliwa, kwa kuwa tendo lilikuwa limeshageuka mazoea. Simu ya leo inafanya kazi ile ile.

Sharti moja: tendo lifanywe kengele ikiwa bado inalia. "Nitafanya sasa hivi" ni sawa na kutofanya. Kengele zisizidi zile ambazo kweli akizikosa kuna madhara, la sivyo atazizoea na kuzizima bila kusoma.

Kwa dawa, kengele peke yake haitoshi, kwa sababu hatari ni mbili: kusahau kumeza, na kusahau kwamba ameshameza. Dawa za kuzuia damu kuganda zikimezwa mara mbili zinaweza kumletea mtu damu kuvuja. Tumia kisanduku chenye vyumba vya siku na nyakati, kijazwe na mtu mmoja mara moja kwa wiki. Chumba kikiwa kitupu, dawa imeshamezwa, na hakuna cha kubishania.

Hatua ya 6: Mfundishe jambo moja bila kumwacha akosee

Mtu mwenye kumbukumbu nzima hujifunza kutokana na makosa kwa sababu anakumbuka kwamba lilikuwa kosa. Aliyejeruhiwa sana kumbukumbu analisahau kosa kama kosa, lakini jibu lenyewe linabaki limejichora, na kesho ndilo litakalomjia kwanza. Alan Baddeley na Barbara Wilson walilionyesha hilo mwaka 1994, na ndiyo sababu nyingine ya kuyachukia yale maswali ya wageni: kila kubahatisha kunapanda mbegu ya jibu baya. Kwa hiyo mpe jibu sahihi kwanza, halafu ndipo umuulize. Maswali mengine yote ya siku yaache. Hili ndilo swali pekee lenye kazi.

Ukiunganisha na njia ya kurefusha muda kidogo kidogo, ambayo Landauer na Bjork waliielezea mwaka 1978, unapata zoezi ambalo mlezi yeyote analiweza. Chagua jambo moja lenye faida ya kweli. Tuseme baba anatumia kiti cha magurudumu, na kila mara anasimama bila kufunga breki.

Kaa mbele yake, mahali patulivu. "Baba, kabla ya kusimama, unafunga breki. Kabla ya kusimama unafanya nini?"

"Nafunga breki." Na mkono wake unaifunga, kwa sababu neno na tendo viende pamoja.

Ngoja sekunde 15, kimya au mkizungumza jambo jingine. Uliza tena, kwa maneno yale yale. Akijibu na kufunga, ongeza mara mbili: sekunde 30. Kisha dakika 1, dakika 2, dakika 4, dakika 8. Katikati ongeeni mambo yenu, tazameni picha, kunyweni maji. Usimwambie "fikiria vizuri"; kufikiria vizuri ndiko kunakoleta kubahatisha. Akisita au akikosea, mpe jibu palepale bila kuguna: "Unafunga breki." Arudie, afunge, na safari hii rudi kwenye muda wa mwisho alioupatia. Kipindi kimoja cha nusu saa kinatosha. Kesho anza kwa swali hilo hilo kabla ya lolote. Akilipata, anzia pale mlipofika.

Baada ya hapo ongeza kichocheo halisi: usimuulize tena, subiri anapojiandaa kusimama kweli, na ulizia pale pale kwenye kiti. Akishafunga breki siku kadhaa bila kuulizwa, chagua jambo la pili. Wenye haraka huleta matano kwa mpigo, na yote matano huvurugika.

Njia hii inawafaa zaidi waliopoteza kumbukumbu sana. Mwenye usahaulifu mdogo anaweza kuachwa ajaribu, tena kujaribu kukumbuka kunamsaidia.

Hatua ya 7: Mbinu za aliyeathirika kidogo

Huyu afundishwe kulirudia jambo kwa maneno yake mwenyewe mara tu anapolisikia, kulihusisha na kitu anachokijua, na kuligeuza kuwa picha kichwani. Jina jipya alitumie ndani ya mazungumzo mara mbili au tatu. Mipango aiseme kwa sauti na kuifunga na tukio: "Nikitoka bafuni, nitampigia fundi simu." Mpango uliofungwa na tukio hukumbukwa zaidi ya "baadaye nitampigia." Kuna wanaoona aibu kuandika, wakitaka kujithibitishia kwamba kichwa bado kinafanya kazi. Waambie rubani naye husoma orodha kabla ya kuruka.

Michezo na muziki

Programu za simu zinazoahidi kukuza kumbukumbu zinauzika sana. Mwaka 2016 kampuni ya Lumos Labs, yenye programu ya Lumosity, ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani kuituhumu kwa matangazo yasiyo na ushahidi wa kutosha, yakiwemo madai kuhusu wenye kiharusi. Mgonjwa akifurahia mchezo, acheze. Usitegemee mchezo umkumbushe dawa.

Muziki nauona tofauti. Jaribio lililofanywa Helsinki na kuchapishwa mwaka 2008 liliandikisha wagonjwa 60 waliotoka kupata kiharusi. Waliosikiliza muziki walioupenda wenyewe, angalau saa moja kwa siku kwa miezi miwili, walipata nafuu kubwa zaidi ya kumbukumbu ya maneno na umakini kuliko waliosikiliza vitabu vya sauti au wasiopewa kitu, na huzuni yao ilikuwa pungufu. Ni jaribio dogo. Lakini halina gharama wala madhara, kwa hiyo mwekee nyimbo zake, si zako.

Hatua ya 8: Zuia kiharusi cha pili

Pendlebury na Rothwell walikusanya tafiti nyingi mwaka 2009 wakakuta kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hupata shida ya akili (kumbukumbu na fikra kudhoofika, kwa Kiingereza dementia) muda si mrefu baada ya kiharusi cha kwanza, na zaidi ya theluthi baada ya kiharusi kilichojirudia. Tofauti hiyo inamaanisha kwamba kidonge cha presha kilichomezwa kila siku kinalinda kumbukumbu kuliko zoezi lolote nililoeleza hapa. Pima presha, andika daftarini, simamia sukari kama anayo, akomeshe sigara, na atembee au afanye mazoezi ya mwili kwa kadiri aliyoruhusiwa.

Hatua ya 9: Pima kama inafanya kazi

Nafuu ya haraka zaidi huonekana miezi mitatu ya mwanzo, kisha mwendo hupungua. Daftari na kengele, hata hivyo, vinaweza kufundishwa miaka mingi baadaye, kwa hiyo usikubali kuambiwa muda umepita.

Kipimo chako ni kimoja: kwa siku, umemkumbusha kwa mdomo mara ngapi? Hesabu kwa siku tatu kabla ya kuanza, halafu siku tatu kila mwisho wa mwezi. Namba ikishuka, ondoa kikumbusho kimoja kisicho cha dawa, uone kama tendo linaendelea bila hicho; likikatika, kirudishe. Namba isiposhuka, usimlaumu mgonjwa kabla ya kukagua vifaa. Mara nyingi utakuta daftari liko kabatini kwa sababu mtu alikuwa anafagia, simu imewekwa kimya tangu mazishi ya wiki iliyopita, au kengele ya dawa inalia sebuleni na mwenyewe amelala chumbani.